Nukta ya Mpakani

6 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na mama, na lile goti la mama liwe limeacha kutabiri mvua. Mimi sijambo, chumba ndicho chenye mambo. Nimehama tena. Hiki ni cha nne tangu nije huku. Kile cha tatu kilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na fundi akianza kazi meno yangu yanacheza mdomoni. Hiki cha sasa kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe umepakwa rangi nusu. Aliyepaka sijui alichoka, sijui alifukuzwa. Kila asubuhi nautazama, mkono unaniwasha.

Sasa nikupe ya kazini kabla sijapasuka. Unaijua ile programu yetu ya kutazama picha za eksirei kwenye kompyuta. Picha moja ya eksirei ni kubwa mno, haiji yote kwa mkupuo, kwa hiyo tunaikata vipande vya mistatili, na kila kipande kinachorwa mahali pake kwenye skrini mpaka picha itimie. Basi daktari akiipunguza picha ili aione nzima, kulikuwa na vimistari vyeupe vinajitokeza kati ya kipande na kipande, vyembamba kama uzi. Wateja walicheka. Mkuu wa kitengo chetu hakucheka. Huyu tunamwita Bwana Kesho, maana kila kitu anakitaka kesho.

"Mistari hii ife kabla ya Ijumaa," akasema.

Ikafa Alhamisi. Na niliyeiua ni mimi! Kwenye upana wa kila kipande niliongeza moja. Nukta moja ya skrini, basi. Kila kipande kikanenepa kidogo, mianya ikafunikwa. Ofisi nzima ilipiga makofi, hata yule mhasibu asiyejua tunashangilia nini.

Na kubwa kuliko yote: hospitali yenu imo kwenye orodha ya watakaowekewa programu mwezi huu. Utakuwa unapiga picha, halafu unaitazama kwa mikono yangu.

Mpwa wako,
Chiriku


20 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, tena marahaba. Mama yako anakusalimu. Goti halitabiri mvua tena, sasa linatabiri wageni, na kila likiuma ananifagiza uwanja. Amegombana na fundi bomba. Yule bwana alikuja kuziba bomba la jikoni, akaliziba vizuri sana, na maji yakahamia ukutani kwangu. Mama yako anasema ni fundi wa kuhamisha matatizo.

Mitambo yenu imefika. Wamebomoa lile sanduku la taa nililokuwa nikibandikia filamu miaka thelathini na moja, wamelitupa uani karibu na mapipa. Nilipita pale mara mbili kama mtu anayepita kwenye nyumba aliyohama. Lakini sikatai, skrini ni nzuri. Nimemwambia kila mtu kwamba aliyeitengeneza programu ni binti wa dada yangu. Daktari wa mifupa ameshachoka kusikia. Mfagizi wa korido ananiita Baba Kompyuta, nami naitika.

Nina swali la mtu asiyesomea mambo yenu. Umesema kila kipande umekinenepesha nukta moja. Na jirani yake je, alisogea? Kama hakusogea, hiyo nukta umeipata wapi? Wodini kwetu kitanda kikiongezwa na ukuta haujasogea, kuna mtu atalala miguu nje.

Kula vizuri. Na uache kuhamahama, barua zitakosa pa kutua.

Mjomba wako


5 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nilikisoma hicho kitanda chako kwenye ngazi za ofisini nikacheka peke yangu, watu wakanipisha.

Usiwe na wasiwasi. Vipande vinachorwa kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia. Hiki kikizidi nukta moja, kinachofuata kinakuja kukaa juu ya kile kilichozidi, kama vigae vya paa vinavyolaliana. Mwisho wa yote hakuna kinachopotea. Nimejaribu hapa kwenye kompyuta yangu zaidi ya mara hamsini.

Mengine ni yaleyale. Nimepewa kazi nyingine, ya rangi za vitufe, siipendi. Siwezi kukaa kitini. Napanda na kushuka ghorofa sita bila sababu, mlinzi ameanza kuniuliza kama nimepoteza kitu. Mwambie mama fundi bomba asilipishe mara ya pili, akaondoe maji ukutani kwako.

Chiriku


18 Aprili

Mpwa wangu,

Sisi hatujambo. Nimechelewa kukujibu, usiniulize sana, mtu mzima naye hushikwa na uvivu. Mama yako ni mzima. Ukuta unakauka polepole.

Nina mapumziko kidogo. Nimepanga upya vitabu vyote, nimetia mafuta bawaba za milango yote ya nyumba, na sasa mama yako analalamika kwamba hasikii nani anaingia wala nani anatoka.

Nakuuliza jambo, na unijibu kama unavyomjibu mwanafunzi, siyo kama unavyomjibu mjomba wako. Picha ni ileile, faili ni lilelile, hakuna mkono ulioigusa. Yawezekana mtu akaifungua asubuhi asione kitu, na akaifungua siku nyingine akakiona? Jibu fupi litatosha. Ni ubishi tu wa watu wa kazini.

Mjomba wako


27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mapumziko, maana nakujua, kwako mapumziko ni adhabu.

Jibu fupi: haiwezekani. Waambie hao wabishi wako kompyuta haina kigeugeu. Faili ni faili. Kama picha imebadilika, basi kuna mtu ameibadilisha, wamtafute huyo.

Nimehama chumba. Usinigombeze. Ule ukuta wa nusu rangi ulikuwa unanitoa akili. Anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha.

Chiriku


3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano hii hujaniandikia. Nilimpigia mama simu Jumapili. Nikamuuliza, "Mjomba yupo?" Akasema, "Yupo." Nikamuuliza, "Kazini vipi?" Akasema goti linamuuma na simu inaisha chaji. Mama hajawahi kukatisha simu kabla hajanisimulia habari za mtaa mzima.

Mapumziko gani haya ya zaidi ya mwezi? Unaumwa? Nimekukosea? Nimesoma tena barua yako ya Aprili mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Uliandika "ubishi tu wa watu wa kazini". Wewe hupendi ubishi, Mjomba. Wewe ndiye uliyekuwa unatoka sebuleni watu wakianza kubishana mpira.

Niandikie hata mstari mmoja. Sili vizuri, silali vizuri, na sijui nakosea wapi.

Chiriku


14 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimepata jibu langu, halikutoka kwako.

Juzi nilikuwa napitia malalamiko ya zamani ya wateja, kazi ya kupoteza muda, natafuta mtu aliyelalamikia rangi za vitufe. Nikakuta moja limetumwa Mei na fundi wa kompyuta wa hospitali fulani. Ameandika: "Tuna picha ambayo mara ina ufa, mara haina. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa ajili ya jambo hili, tafadhali liangalieni." Mwenzangu mmoja alishalifunga. Alijibu kwamba faili halibadiliki, kosa ni la mtumiaji. Karibu maneno yangu mwenyewe.

Nikafungua picha. Mfupa wa muundi, mguu wa kushoto. Pembeni kuna ile herufi ya madini ya risasi mnayoweka kuonyesha upande. K. Na mguu mmoja wa K umekatika. Mjomba, hiyo K niliivunja mimi, nikiwa darasa la tatu, nilipoiangusha kwenye sakafu ya chumba chako cha kazi, nawe ukakataa kuomba nyingine.

Hapa ofisini picha ziko ndani ya kompyuta zetu, vipande vinafika kwa foleni, ndiyo maana sikuwahi kuona tatizo. Kwenu vinasafiri kwenye waya, na kinachowahi ndicho kinachochorwa kwanza. Nikapunguza kasi ya mtandao makusudi, niifungue kama mnavyoifungua nyinyi. Nikaifungua mara ishirini. Mara kumi na tatu ufa ulionekana. Mara saba mfupa ulikuwa mzima, hauna hata alama.

Nieleze ili usinihurumie. Kipande cha kulia kikiwahi, kinachorwa vizuri. Kisha cha kushoto kinakuja na ile nukta moja niliyokiongezea, kinamkanyaga jirani. Na picha ikipunguzwa, nukta moja ya skrini inabeba nukta nne za picha. Ufa wa huyo mgonjwa ni mwembamba kuliko hapo, na umeshuka wima palepale mpakani. Swali lako la kitanda lilikuwa swali hasa. Nililicheka.

Nimemwambia Bwana Kesho. Amesema tutalirekebisha kwenye toleo la mwezi wa tisa, kimyakimya, na neno "ufa" lisisikike ofisini.

Niambie kilichokupata. Chote.

Chiriku


25 Juni

Mpwa wangu,

Mama yako anakusalimu, na safari hii ni yeye aliyenikalisha mezani akaniwekea kalamu.

Haya. Mwezi wa tatu alikuja mwashi mmoja, mtu wa miaka arobaini hivi, ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Nilimpiga picha ya muundi. Daktari wa mifupa akaifungua kwenye skrini yake, akasema mfupa mzima, akampa dawa ya kuchua, akamwambia apumzike siku tatu. Mwashi alipumzika tano. Siku ya tisa alipanda tena na ndoo ya zege, na mguu ukakatika akiwa juu.

Alipoletwa, daktari alifungua picha ya kwanza. Ufa upo, umenyooka kama umepigwa rula. Akasema, "Huu haukuwepo." Na mimi namjua yule bwana, ana dharau lakini si mwongo. Sasa kama haukuwepo na sasa upo, nani aliuweka? Mwenye ufunguo wa kutuma picha ni mimi peke yangu. Wakasema nilipiga picha mbovu, halafu mambo yalipoharibika nikaingiza nyingine kujiosha. Nimesimamishwa kazi tangu tarehe 9 Aprili.

Kamati ya uchunguzi ya hospitali iliniuliza, "Programu inaweza kukosea?" Nikasema nimemwandikia mtaalamu, nasubiri. Mtaalamu alikuwa wewe, Chiriku. Barua yako niliisomea getini, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Sikuipeleka kwao. Lakini niliiamini, na hapo ndipo nilipoumia. Wao kuniona mwongo nilikuwa navumilia. Lakini baada ya barua yako nilikaa kwenye kiti cha uani tangu asubuhi hadi jua linazama, najaribu kukumbuka kama nilipiga picha mbili. Nikaanza kuona kama nakumbuka. Mikono hii imeshika kazi ile miaka thelathini na moja, na nikaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ungedhani nakusingizia. Na kwa sababu nilikuwa nimekutangaza hospitali nzima.

Sasa nisikilize, nakuambia kama kaka wa mama yako. Mimi nimebakisha miezi saba nistaafu. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mwache Bwana Kesho arekebishe kimyakimya kama anavyotaka. Mimi nitastaafu mapema, nitasema macho yamechoka. Watu watasahau. Jambo hili lifunike.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa Aprili. Niliandika sentensi ile nikiwa nimesimama, natafuta funguo, nachelewa kwenda kutazama chumba. Sikufikiri hata dakika moja. Hilo ndilo ninalolirudia nikitembea, na natembea sana.

Kufunika nimekataa. Nilishafunika mara moja, mwezi wa pili, na watu wakanipigia makofi.

Nimelirekebisha. Halikuchukua hata asubuhi moja, na hilo nalo linanichoma. Niliitoa ile moja. Kisha nikaacha kuhesabu upana wa kila kipande peke yake, maana ukikadiria upana mara mia, makosa madogo yanajikusanya, na ndiyo yaliyoleta ile mistari myeupe. Sasa kila kipande kinaulizwa kinaanzia wapi, basi. Kinaishia pale jirani yake anapoanzia, na ile nukta ya mpakani ni ya jirani. Mwanzo wako ni wako, mwisho wako si wako. Hakuna mwanya, na hakuna anayemkanyaga mwenzake, awahi nani, achelewe nani. Nimefungua picha ya mwashi mara mia mbili kwenye mtandao wa kujikongoja. Ufa umeonekana mara mia mbili.

Nikampelekea Bwana Kesho. Akasema, "Hongera. Mwezi wa tisa."

Nikamwambia, "Kuna hospitali kumi na tisa zinaitumia leo."

Akasema, "Ukiwaambia kumi na tisa, mwakani hatutakuwa na hata moja. Unajua watu wangapi humu wana watoto?"

Anao watoto watatu yeye mwenyewe, picha zao ziko mezani kwake. Halafu nikatoka, nikashuka ghorofa sita, nikatafuta mahali pa kukaa, nikakosa, nikaandikia ukingoni mwa kaunta ya posta. Barua kumi na tisa, kwa wakuu wa vitengo vya eksirei. Nimeeleza kosa ni nini, nani alilifanya, na jinsi ya kulikwepa: waikuze picha mpaka ukubwa wake kamili, hapo ufa haufichiki. Nimewaomba wafungue upya picha zote za mifupa tangu Februari. Nimeweka jina langu. Yenu nimeielekeza kwa kamati.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa kadi yangu haikufungua mlango wa ofisi. Mlinzi yule wa kuniuliza kama nimepoteza kitu aliniletea sanduku langu nje, na safari hii hakuuliza.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini uandike.

Chiriku


12 Agosti

Mpwa wangu,

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu mama yako aliniambia, "Ulitaka mtoto mtiifu, ungefuga kondoo," tukacheka wote mpaka akashika goti.

Nimerudi kazini. Kamati wameniita, wameniambia "hali imefafanuliwa". Nikawauliza, hali ndiyo iliyosimamishwa au mimi? Mwenyekiti akapekuapekua karatasi. Basi, nikachukua ufunguo wangu. Daktari wa mifupa alikuja mlangoni kwangu siku hiyo, akaniuliza kama karatasi za kuchapia zimekwisha. Bunda zima lilikuwa mezani mbele yake. Akasimama kidogo, akasema, "Basi vizuri," akaondoka. Kwa yule bwana hiyo ni samahani, na nimeipokea.

Tumefungua upya picha mia nne na kumi na mbili. Tumekaa mimi na yeye, bega kwa bega, wiki mbili. Tumekuta mwingine mmoja, mama mmoja mfua nguo, mfupa wa kifundo cha mkono. Umeshaunga wenyewe, umeunga upande. Hawezi kukamua nguo. Hospitali nyingine zimeanza pia, nasikia kuna moja wamekuta wawili. Ningeweza kutokukuandikia haya. Nimeona uyajue.

Sasa la mwashi. Yumo wodini bado. Wametia chuma ndani ya muundi, na mguu umepinda nje kidogo, atatembea lakini kupanda jukwaa basi tena. Nilikwenda kumwona kwa sababu alikuwa akiamini mimi ndiye niliyempiga picha mbovu, na kila nikipita korido alikuwa akigeukia ukutani. Nikavuta kiti, nikamweleza yote, polepole. Vipande, mpaka, ile moja iliyoongezwa.

Akauliza, "Nukta moja?"

Nikasema, "Moja."

Akasema, "Mimi tofali likikaa vibaya nabomoa safu nzima. Hata msimamizi akipiga kelele." Akatazama mguu wake. "Aliyeongeza hiyo moja ni nani?"

Ningeweza kusema "kampuni". Nilisema, "Ni mpwa wangu. Ndiye pia aliyesema ukweli."

"Nimekuuliza moja, umenijibu mbili," akasema. Halafu: "Huyo mpwa wako ana miguu?"

Nikasema anayo.

"Basi aje. Aniambie yeye."

Sikumwahidi kitu, Chiriku. Nilimwambia nitakuandikia, nami nimekuandikia. Mama yako anasema usije, kwamba mtu mwenye uchungu hana mizani, anaweza kukutamkia maneno ukaondoka nayo maisha yako yote. Mimi sisemi njoo, sisemi usije. Wodi ni ya tatu, kitanda cha dirishani. Saa za kutazama wagonjwa ni kumi hadi kumi na mbili jioni.

Mjomba wako


23 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika jana mchana. Tiketi nimeshakata, chumba nimesharudisha. Safari ni siku mbili, nitashuka Jumamosi kabla ya saa tisa, na barua hii nadhani itanitangulia kwa siku moja.

Msije kunipokea. Nikipita nyumbani kwanza mama atanikalisha, atanipa chai, atasema nimekonda, na nikishakaa nitapata sababu. Mimi najijua. Nitakuja na sanduku langu moja kwa moja mpaka wodi ya tatu.

Nimejaribu kuandika nitakachomwambia, nimechana mara nne. Kila nikianza kueleza vipande na mipaka naona ni kama najitetea kwa hesabu. Nitamwambia kwamba nilikuwa na haraka, kwamba uliniuliza swali la maana nikalicheka, na kwamba nilipigiwa makofi. Akitaka kunitukana, anitukane. Akitaka kunyamaza, nitasimama pale mpaka kengele ya saa kumi na mbili ilie. Na akiniambia nirudi kesho, nitarudi kesho.

Mwambie tu nakuja, asije akadhani nimekataa.

Chiriku